Hesabu Wati Kabla ya Poti

Waliowahi kuwa na simu ya mezani enzi za Shirika la Posta na Simu watakumbuka jambo moja: umeme ulipokatika mji mzima, simu iliendelea kulia. Haikuwa imechomekwa kwenye soketi yoyote. Chakula chake kilitoka kwenye betri za volti 48 zilizopangwa ndani ya jengo la simu, kikasafiri katika nyaya zilezile mbili zilizobeba sauti. Watu walipigiana simu gizani kuulizana umeme utarudi lini, na hakuna aliyeona ajabu.

Teknolojia ninayoieleza leo ni mjukuu wa simu ile. Inaitwa PoE, yaani umeme unaopita ndani ya waya wa mtandao pamoja na data. Kamera, simu ya ofisini au kisambaza Wi-Fi kinachofungwa kwenye dari hakihitaji soketi wala adapta. Waya mmoja unatosha. Hata volti zinakaribiana na zile za zamani, kwa kuwa PoE ya kawaida hutembea kati ya volti 44 na 57.

Hapa Namanyere watu wameanza kuulizia swichi ndogo za aina hii kwa matumizi ya nyumbani, na swali la kwanza dukani huwa lilelile: ina poti ngapi? Naomba tuanze na swali jingine: umeme ukikatika saa nne usiku, nini kitabaki kikiwaka? Mkoa wetu wa Rukwa kwa miaka mingi umetegemea umeme unaonunuliwa Zambia, nje ya gridi ya taifa, na njia ya kilovolti 400 kutoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ndiyo iliyokusudiwa kutuunganisha na nchi nzima. Kwetu, faida kubwa ya PoE si kuokoa soketi. Ni kwamba betri moja, ikikaa mahali pamoja, inaweza kulisha kila kifaa cha mtandao ndani ya nyumba, kama betri zile za jengo la simu zilivyolisha mji.

Tuweke maneno sawa kwanza. Kwa fundi umeme, swichi ni ya kuwashia taa. Swichi ya mtandao ni kisanduku chenye poti, yaani tundu za kuchomekea nyaya, kinachounganisha rauta, kompyuta, printa na kamera. Katika ulimwengu wa PoE, visanduku hivi ni vya namna tatu, na wengi hupoteza fedha kwa kuvichanganya. Ya kwanza ni swichi inayotoa: yenyewe huchomekwa kwenye umeme, kisha hulisha vifaa vingine. Ya pili ni swichi inayopokea: haina adapta, inakula umeme unaofika na waya kutoka kwa ile inayotoa, lakini haigawi. Ya tatu hupokea kwa poti moja na kupitisha masalia kwa vifaa vinavyoifuata. Kwenye boksi la zile zinazopokea mara nyingi utakuta herufi PD.

Mfano wa namna ya pili ni Flex Mini ya kampuni ya Ubiquiti. Ina poti tano, hupokea umeme kwa waya wa mtandao au kwa chaja ya USB-C ya volti 5, na inakula wati 2.5 tu. Flex ya kampuni hiyohiyo, isiyo Mini, ni ya namna ya tatu: poti moja inapokea, nne zinagawa. Majina yanakaribiana, kazi mbalimbali. Ukiagiza Mini ukidhani italisha kamera, kamera itabaki gizani.

Chukua nyumba ambayo sote tunaijua: duka mbele barabarani, makazi katikati, ghala la mahindi nyuma ya uwanja. Rauta ya 4G iko chumbani, penye mtandao mzuri wa simu. Dukani kuna kompyuta ya mauzo, printa na kamera moja, na mwenye nyumba anataka pia kisambaza Wi-Fi kwa ajili ya baraza. Kutoa nyaya nne kutoka chumbani hadi dukani ni kutoboa ukuta bila sababu. Unaweka swichi inayotoa kando ya rauta, unapeleka waya mmoja, na dukani unaweka swichi ndogo inayopokea na kupitisha. Hapo ndipo hesabu inapoanza.

Viwango vya PoE vimewekwa na taasisi ya wahandisi ya IEEE, na vimekua kwa hatua. Cha mwaka 2003, kiitwacho 802.3af, kinatoa hadi wati 15.4 kwa kila poti. Cha 2009, 802.3at au PoE+, kinatoa hadi wati 30. Cha 2018, 802.3bt, kinafika wati 60 na hata 90. Lakini waya nao una tumbo: sehemu ya umeme hupotea njiani kama joto. Ndiyo maana kifaa kilicho mwisho wa waya kinahakikishiwa wati 12.95 tu kwa kiwango cha kwanza, na 25.5 kwa cha pili. Namba ya kufanyia hesabu ni hiyo ndogo, ingawa kwenye boksi iliyoandikwa kwa herufi kubwa ni ile kubwa.

Rudi dukani. Tuseme swichi yenyewe inakula wati 4, kamera 7 na kisambaza Wi-Fi 9. Jumla ni 20. Waya wenye 802.3af hautoshi, wa PoE+ unatosha na kubakiza kidogo. Kama kisambaza na kamera havihitajiki, bali ni kompyuta na printa ambazo zina umeme wake, basi Flex Mini au ndugu yake yeyote inatosha na 802.3af inazidi. Angalia pia kikomo cha jumla cha swichi inayotoa. Swichi ya poti nne yenye uwezo wa wati 60 kwa jumla haiwezi kutoa wati 30 kwa poti zote nne kwa wakati mmoja, hata kama kila poti imeandikwa PoE+.

Usifunge hesabu ukingoni. Kamera za usiku zina taa za infraredi ambazo jicho halizioni, na giza likiingia zinawaka zote. Kamera iliyokula wati 3 mchana inaweza kudai 6 au 7 usiku. Mfumo uliobanwa sana utapita kila jaribio la fundi saa sita mchana, kisha kamera moja itaanza kuzima na kuwaka baada ya magharibi, saa ambazo mwizi naye anaanza kazi. Acha nafasi ya robo hivi.

Sasa kuhusu umeme unaounguza. PoE ya viwango vya IEEE ina adabu: kabla ya kutoa kitu, swichi hupeleka volti ndogo kupima kama upande wa pili kuna ukinzani wa takriban kilo-omu 25, ambao ndio alama ya kifaa kinachostahili kulishwa. Bila alama hiyo hakuna umeme unaotoka, kwa hiyo kompyuta yako haiko hatarini. Ila sokoni kuna PoE isiyouliza. Antena nyingi za nje za intaneti huja na kiadapta kinachosukuma volti 24 moja kwa moja, iwe kuna mpokeaji au hayupo. Mimi mwenyewe nilishachomeka waya wa namna hiyo kwenye kifaa kisichohusika, nikanusa harufu kabla sijaona moshi. Ushauri wangu: kama boksi halitaji af, at au bt, bali limeandika volti peke yake, lione kuwa ni la familia nyingine na usilichanganye na swichi yako.

Waya wenyewe ndio unaoangusha kazi nyingi nzuri. Madukani kuna kebo za bei rahisi zenye herufi CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 60 ya shaba, hivyo wati nyingi zaidi hupotea njiani na waya hupata joto. Kwa data peke yake kwenye mita tano huenda usione tatizo. Kwa umeme kwenye mita hamsini utaliona. Kuijua ni rahisi: kwangua ncha ya uzi kwa kisu. Ikibaki nyekundu ndani, ni shaba. Ikigeuka nyeupe kama sufuria, irudishe. Urefu usizidi mita 100, na nyuzi zote nane ziunganishwe. Fundi anayeunganisha nne tu kwa hoja kwamba intaneti inapita atakuwa amesema kweli kuhusu intaneti, lakini kuna swichi zinazopitisha umeme kwenye nyuzi zile nne alizoziacha.

Ghala la nyuma, nalo likiwekewa kamera, linahitaji fikra ya peke yake, kwa sababu ya radi. Kuanzia Novemba hadi Aprili uwanda wa Ufipa haupungukiwi ngurumo, na waya wa shaba unaovuka uwanja ni mwaliko. Radi haihitaji kuupiga. Ikipiga mti wa jirani inatosha kuingiza mshtuko utakaoua swichi na kila kilichochomekwa. Usiuanike waya huo hewani kama kamba ya nguo. Ukiweza, tumia faiba: ni kioo, haibebi umeme wa radi. Gharama yake ni kwamba haibebi umeme wa PoE pia, kwa hiyo ghala litahitaji sola yake ndogo. Ukibaki na shaba, ipitishe chini ya ardhi ndani ya bomba la plastiki, weka vizuia-mshtuko ncha zote mbili, na viunganishwe na fimbo ya ardhi inayofanya kazi. Kizuia-mshtuko kisicho na njia ya kwenda ardhini ni pambo.

Tufike kwenye betri, maana ndiyo tuliyoanza nayo. Duka linahitaji wati 20, kamera ya ghala (kama umebaki na shaba) 7, swichi inayotoa yenyewe 5, rauta 8. Jumla wati 40. UPS ndogo ya mezani mara nyingi ina betri ya volti 12 na ampea-saa 7. Ukizidisha ni wati-saa 84, lakini utakachopata kwa vitendo ni kama nusu, yaani saa moja. Betri ya sola ya ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Kama ni ya risasi, tumia nusu tu ili isife mapema: 600. Toa zinazoliwa na inveta, utabaki na kama 500. Gawa kwa 40: saa kumi na mbili na ushee, kutoka saa moja jioni hadi saa moja asubuhi. Na kuna swichi zinazokubali volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye betri. Ukiipata, unaiondoa inveta katikati na kuongeza muda bila kununua betri nyingine.

Mengine hayana uzito huo. Kasi ya gigabiti ni nzuri ukihamisha mafaili makubwa ndani ya nyumba, lakini kamera moja hutumia megabiti chache kwa sekunde, na 4G yetu haitaijaza hata swichi ya megabiti 100. Chagua isiyo na feni, ili isile vumbi. Kitufe cha kurefusha waya hadi mita 250 kwenye baadhi ya swichi za kamera hushusha kasi hadi megabiti 10. Kwa kamera moja inavumilika, kwa duka zima hapana.

Kosa hapa lina nauli yake, kwa kuwa kifaa kisichopatikana Sumbawanga kitaagizwa Mbeya au Kariakoo, na kukirudisha ni safari nyingine. Kwa hiyo andika wati za kila kifaa kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani. Na fundi akimaliza, usimlipe sehemu ya mwisho mchana. Mwambie arudi saa mbili usiku, taa za kamera zikiwa zimewaka, kisha uzime meni swichi ya nyumba. Kaeni gizani robo saa mkiangalia kamera kwenye simu. Picha ya ghala ikiendelea kuonekana, mpe fedha yake.