Siku Moja Nyali Wakati wa Kusi: Pesa Ziende Wapi?

Pasaka ikishapita, mpaka mwezi wa Juni, Nyali, Mombasa, hupumua. Masika imefika, kusi limeshika, na hoteli zilizojaa Desemba sasa zinatafuta wateja. Huu ndio wakati wa mwananchi wa kawaida kuifaidi pwani yake. Ila si kila bei hushuka na msimu: chumba na mashua huteremka, lakini nauli ya treni na viingilio vya serikali havijui masika wala kiangazi. Nyingine hata hupanda.

Usafiri

Januari 2024 nauli ya treni ya SGR kati ya Nairobi na Mombasa, daraja la kawaida, ilipandishwa kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500, na ni hiyo hiyo iwe Mei au Desemba. Watu wazima wawili, kwenda na kurudi, ni 6,000. Bei za mabasi hubadilika kulingana na wateja, kwa hivyo ulizia kampuni mbili tatu kabla ya kukata tiketi.

Ukishafika mjini, matatu inayovuka Daraja la Nyali kuelekea Bamburi ndiyo nafuu kwa mtu mmoja. Mkiwa watatu, piga hesabu ya tuktuk, kwani bei yake ni ya safari, si ya kichwa. Patana kabla ya kupanda, na mtoke mapema: mvua ikianza, nauli za matatu hupanda.

Vya bure na vya kulipia

Anza na vya bure. Kengeleni kuna kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamishenari wa CMS katika miaka ya 1870 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru. Nyali pia ndiko alikozikwa Rosina Krapf, aliyefariki mwaka 1844, mke wa mmishenari Johann Ludwig Krapf. Historia nzito, na mfuko haujaguswa.

Kama pesa ni za kiingilio kimoja, chagua kati ya viwili. Fort Jesus, ng'ambo ya daraja, ilianza kujengwa na Wareno mwaka 1593 kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati, na tangu 2011 imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Raia hulipa kidogo sana kuliko mgeni, basi beba kitambulisho. Haller Park, Bamburi, ni machimbo ya kiwanda cha saruji ambayo René Haller alianza kuyafufua mwaka 1971 kwa kupanda mivinje. Sasa kuna twiga, viboko na kobe wakubwa. Wenye watoto waende Haller Park, na waulize mapema saa ya kulisha twiga. Watu wazima waende Fort Jesus: mvua ikishuka, kumbi za makumbusho zina paa.

Bahari

Ufuo wa Pirates, yaani Jomo Kenyatta Public Beach, hauna kiingilio. Hoteli nyingi huruhusu mgeni wa siku moja kutumia bwawa kwa malipo. Uliza kama pesa hizo zinarudi kwa chakula. Zikirudi, ni biashara nzuri. Zisiporudi, baki Pirates.

Mashua ya kioo ya kwenda hifadhi ya baharini ndiyo ningeikataa msimu huu. Nahodha atakupunguzia, lakini ada ya shirika la wanyamapori, KWS, iko palepale, na kusi huvuruga maji hata matumbawe yasionekane vizuri. Isubiri kaskazi, kati ya Desemba na Machi. Kuogelea, ngoja maji yajae. Kutembea ufuoni, ngoja yapwe.

Chakula na malazi

Kusi likichafuka, wavuvi wa mashua ndogo hawatoki sana, na samaki huadimika. Usishangae chumba kikishuka huku samaki akipanda. Mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, viazi karai na muhogo wa pilipili jioni, pamoja na dafu, vitakushibisha kwa sehemu ndogo ya bei ya bafe ya hoteli.

Ukilala, uliza kama bei ina kodi. Chumba kilichotajwa kuwa 8,000 bila kodi, ukiongeza VAT ya 16% na tozo ya utalii ya 2%, kinakuwa 9,440. Wawili watafaidi hoteli yenye kiamshakinywa. Familia ya watu sita ipange nyumba yenye jiko, inunue mboga na matunda soko la Kongowea.

Uamuzi wangu: nenda Mei, siku ya kazi, ulipie kiingilio kimoja, ule chakula cha mtaani, na uiache mashua. Kwenye chumba, tuktuk na bwawa, patana bila haya. Kwenye lango la serikali, lipa unachodaiwa, kwani pesa hizo ndizo zinazotunza ngome na matumbawe.