Upanga wa Wagriki: ni Sawa ama Unafanana Tu?

Katika somo la historia tulibishana juu ya picha ya upanga uliotengenezwa siku hizi kwa mfano wa ule wa Wagriki wa zamani. Wengine walisema: uko muzuri, unang'aa, basi ni sawasawa. Sisi tulikataa.

Kwanza, kule kung'aa ndiko kunaleta mashaka. Chuma kisichoshika kutu kilitokea katika karne ya 20 tu. Watu wa Mycenae, zaidi ya miaka 1200 mbele ya Kristo, walipigana na panga za shaba iliyochanganywa na bati. Lakini wakati wa Socrates panga zilikuwa za chuma.

Tena umbo. Ksifosi ulikata pande mbili, ukapanuka karibu na ncha kama jani. Kopisi ulikata upande mmoja, umepinda kwenda mbele. Xenophon aliwashauri wapanda farasi wachukue huu wa pili, maana mtu aliye juu hupiga kwenda chini.

Lakini jambo kubwa limefichwa ndani ya mpini. Mara nyingi chuma cha zamani kilipita mpaka mwisho wa mpini, kipana, na vipande vya mti ama mfupa vilipigiliwa huku na huku. Wengine wa leo wanasude pale msumari mwembamba tu. Ukiupunga kwa nguvu unakatika, chuma kinarukia mwenzako. Kama muuzaji hapendi kueleza mpini umeshikwa namna gani, abaki na upanga wake.