Shimoni kwa Nungunungu

Usukumani nungunungu ni mwizi wa usiku. Anafukua viazi vitamu na karanga, anang'oa mihogo, anaangusha mahindi yakiwa bado mabichi, na kukipambazuka keshajichimbia mbali. Mkulima akifika shambani anakuta matuta yamepinduliwa na mwiba mmoja wa mabaka meusi na meupe umebaki pale kama risiti. Ndiyo maana wawindaji wa nungunungu, banunguli kwa Kisukuma, hawakuhesabiwa kuwa watu wa kitoweo tu. Walilinda mashamba, na walikuwa na chama chao chenye wakubwa wake, ngoma zake, dawa zake na masharti yake. Vyama vya namna hiyo vilikuwa vingi: bayege waliwinda tembo, bayeye walikuwa watu wa nyoka. Leo wengi wanavijua kwa ngoma peke yake, lakini mwanzo wake ulikuwa kazi, tena kazi ya hatari.

Hatari ya mnunguli haikuwa miiba. Nungunungu hairushi miiba yake kama watoto wanavyodanganyana. Anakurudia kinyumenyume, na aliyejikinga vizuri atatoka na majeraha yanayopona. Shida ni kwamba mchana hapatikani juu ya ardhi, na anayemtaka hana budi kumfuata chini. Huko chini si kwake peke yake. Shimo mara nyingi limechimbwa na mhanga, yule mnyama wa usiku anayekula mchwa, kisha likahamiwa. Leo ni la ngiri, kesho la nungunungu, na chatu naye hulipenda kwa sababu ni baridi wakati wa jua na lina joto usiku. Swila huingia kufuata panya. Koboko hupenda vichuguu vilivyohamwa na mashimo ya namna hiyohiyo, na akishapata makazi mazuri hukaa hapo muda mrefu. Kwa hiyo mwindaji anapoinama kwenye mdomo wa shimo, swali lake la kwanza si kama nungunungu yumo. Ni nani mwingine yumo.

Jibu lipo mavumbini, kwa anayejua kusoma. Utando wa buibui uliotanda mdomoni bila kuchanika maana yake hakuna aliyepita usiku uliopita, na hapo hakuna haja ya kujisumbua. Nyayo mbichi, mavi mapya na miiba iliyodondoka vinasema mwenye nyumba amerudi. Lakini kukiwa na mburuzo laini unaopita juu ya nyayo hizo, kama kamba nene imevutwa, basi kuna mwingine aliyeingia baada yake. Gamba la nyoka lililovuliwa karibu na mlango nalo ni taarifa. Kijana mwenye pupa atauliza, "Babu, mbona hatuingii?" Mzee hamjibu. Anamwonyesha mburuzo kwa ncha ya fimbo, kisha anahamia shimo la pili. Kuliacha shimo si woga, na katika kazi hii hakuna aliyechekwa kwa kuondoka.

Shimo likionekana salama, milango mingine huzibwa kwa mawe na miiba, mbwa huachiwa wanuse, na moshi hutumika pale inapofaa. Halafu kuna zile pembe ambako moshi haufiki, na hapo mtu mwembamba huingia kichwa mbele, mkuki mfupi mkononi, wenzake wakiwa wameishika miguu yake tayari kumvuta. Fikiria mkao huo. Ukikutana na kifutu njiani, atakuuma mguuni au kwenye kifundo. Ukikutana na nyoka shimoni, kitu cha kwanza anachokiona ni uso wako. Sharti la kutopeleka mkono mahali ambapo jicho halijatangulia lilizaliwa katika mazingira kama hayo, na linafaa hata kwa anayeokota kuni, anayerina asali kwenye mti wenye pango, au mama anayeinua gunia la mpunga ghalani.

Nyoka wenyewe hawafanani tabia, na hapa ndipo ushauri wa jumla unapoua watu. Tunaambiwa tukanyage kwa kishindo ili nyoka akimbie. Ni kweli kwa koboko: pamoja na sifa zake za kutisha, akihisi mtetemo wa ardhi mapema na njia yake ikiwa wazi, ataondoka. Anakuwa balaa pale unaposimama kati yake na shimo lake. Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, hafuati kanuni hiyo. Yeye anategemea rangi yake inayofanana na majani makavu na udongo. Unapiga kishindo, yeye ametulia tuli akiamini humwoni, mpaka umkanyage. Kinga dhidi ya kifutu ni macho, fimbo ndefu ya kupapasia majani, na viatu vinavyofunika kifundo. Kandambili za tairi zinazuia miiba ya mgunga, lakini kwa kifutu ni sawa na kwenda peku. Jioni kifutu hupenda kujilaza kwenye njia iliyobaki na joto la mchana, njia ileile ambayo mwindaji aliyechoka anarudia nyumbani bila kuangalia chini.

Swila mtema mate ana mchezo mwingine. Yeye hulenga macho, na anaweza kukufikia ukiwa umbali wa zaidi ya mita mbili. Sumu yake ikiingia jichoni inaunguza kama pilipili mara mia. Dawa ni maji mengi, papo hapo, kwa muda mrefu, bila kusugua. Maji yakikosekana, hata maziwa yatafaa. Sasa mtu huyo awe ndani ya shimo na maji yako kwenye kibuyu nje: ndiyo maana ya wale walioshika miguu.

Katika mazingira hayo banunguli na bayeye hawakuweza kuishi mbalimbali. Anayeingia mashimo anahitaji elimu ya nyoka, na elimu ya nyoka ilikuwa kwa bayeye. Mwaka 1946 Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila katika serikali ya Tanganyika, alichapisha makala kuhusu chama hicho, na tangu hapo wageni wamekuwa wakishangazwa na jambo moja tu, dawa: mwanachama huchanjwa chale na kupakwa dawa ya kumkinga na sumu. Mimi naona walishangaa upande usio wake. Kabla na baada ya chale palikuwa na mafunzo. Mwanafunzi alijifunza kumtambua kila nyoka kwa rangi, mwendo na makazi, kumkamata, kumbeba, kujua ni nani wa kuchezewa na nani wa kuachwa. Alijua mimea. Alikuwa na wakubwa wa kumkatalia. Mtu aliyepita huko, hata ungemnyang'anya dawa yote, bado angeumwa mara chache kuliko jirani yake.

Dawa yenyewe si upuuzi wa kuchekwa. Kuuzoesha mwili sumu kidogokidogo ni wazo ambalo maabara nazo zililifikia: miaka ya 1890 Albert Calmette, Mfaransa, alitengeneza seramu ya kwanza dhidi ya sumu ya nyoka, na hadi leo dawa ya hospitali hupatikana kwa kuwadunga farasi sumu kwa vipimo vidogo vinavyoongezwa polepole, kisha kuchukua kinga iliyomo katika damu yao. Lakini farasi hupimwa na kurudiwa mara kwa mara, na kinga ya sumu ya kifutu haimsaidii aliyeumwa na koboko, maana mmoja huozesha nyama na kuvuruga damu, mwingine hulegeza misuli mpaka pumzi ikome. Chale mbili tatu za utotoni haziwezi kubeba mzigo huo.

Mbona basi wapo waliopona? Wapo wengi, na wanasimulia ukweli. Nyoka wengi wa nchi yetu hawana sumu ya kumdhuru mtu. Hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuimwaga, kwa sababu sumu ni ya kuwindia na hapendi kuipoteza kwa kitu asichoweza kumeza. Aliyeumwa hivyo akipakwa majani atapona, akiwekewa lile jiwe jeusi la mfupa uliochomwa atapona, asipofanyiwa lolote pia atapona. Sifa huenda kwa mganga. Siku atakapoletewa aliyeumwa sawasawa na koboko, mtu akafa, itasemekana alichelewa, au alivunja mwiko. Kwa hesabu hiyo hakuna dawa inayoweza kushindwa.

Nenda Bujora, Kisesa, nje kidogo ya Mwanza, mwezi Juni wakati wa sikukuu ya Bulabo, vikundi vya ngoma vya bagika na bagalu vinaposhindana. Mchezaji anatoka na chatu shingoni, umati unalipuka. Ni ngoma nzuri na siichoki. Lakini chatu hana sumu. Ana nguvu, ana meno, anaweza kumnyonga mbuzi, ila hakuna dawa ya sumu inayojaribiwa pale. Mtoto anayetazama hajui hilo, na hakuna anayemwambia. Anarudi nyumbani akiamini kwamba kuna watu wasioumwa na nyoka na kwamba siri yao imo kwenye chupa. Ile nidhamu ya kusoma mavumbi haichezeki jukwaani, basi imebaki kwa wazee wachache.

Matokeo yake unayaona vijijini. Vijana wanne, mbwa wawili, tochi ya simu na panga, wanavamia shimo saa kumi na mbili jioni kwa sababu mmoja wao ana hirizi ya babu yake. Tuache kwamba kuwinda bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009. Hata mnunguli wa zamani asingewaruhusu. Saa ile nyoka wengi ndiyo wanaanza kutoka, na hakuna kati yao aliyefundishwa kuuona mburuzo. Wamerithi dawa bila masomo.

Mtu akishaumwa, mila nyingi tulizonazo zinageuka adui. Kumchanja mguu na kunyonya kunaongeza kidonda na damu. Kukaza kamba juu ya jeraha, hasa kwa sumu ya kifutu, kunaweza kumgharimu mguu wote. Mvue bangili, pete na viatu kabla uvimbe haujaanza. Mlaze, mzuie kutembea, kiungo kilichoumwa kifungwe kijiti kama kilichovunjika. Akianza kulegea kope, kumeza kwa shida au kuvuta pumzi kwa tabu, kila dakika ni deni. Shirika la Afya Duniani liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahaulika mwaka 2017, na makadirio yake ni vifo kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka duniani. Wengi wao ni watu wa vijijini, walioko mbali na hospitali.

Ndipo bodaboda inapokuwa na maana kuliko mganga. Mgonjwa akae katikati, dereva mbele, mwingine nyuma amshike asianguke wala asijikaze. Kabla ya kuondoka piga simu, kwa kuwa zahanati ya karibu mara nyingi haina dawa ya nyoka, na kwenda hapo kwanza ni kupoteza saa mbili kwa ajili ya barua ya rufaa. Kumbuka saa aliyoumwa. Nyoka usimfukuze, aliyeumwa anatosha, na nyoka hata akikatwa kichwa bado anaweza kuuma. Kama kuna aliyemwona vizuri, apande pikipiki ya pili amweleze daktari rangi, unene na jinsi alivyoondoka.