Safari ya Kopo la Makohozi

Mgonjwa anayeshukiwa kuwa na kifua kikuu hupewa kopo dogo lenye kifuniko cha kuzungusha, akaambiwa alete makohozi ya asubuhi. Wengi wetu hudhani kwamba kopo likishatiwa makohozi kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza safari inaanza, na safari ikiharibika, majibu nayo huharibika. Kopo likivuja, maabara huweza kulikataa. Likianikwa juani, vimelea vinavyotafutwa huweza kufa, na ugonjwa uliopo ukakosa kuonekana. Mgonjwa hubaki bila dawa, akaendelea kukohoa katika chumba anacholala na watoto.

Tuanze nyumbani. Mgonjwa asukutue kinywa kwa maji, kisha atoke nje, mbali na watu, kwa kuwa vimelea vya maradhi haya huenea kwa hewa. Avute pumzi ndefu, akohoe kutoka kifuani. Mate matupu hayafai. Kifuniko kikazwe barabara na mikono ioshwe kwa sabuni. Jina liandikwe ubavuni mwa kopo, si juu ya kifuniko, maana vifuniko huweza kubadilishana. Kopo lifikishwe kituoni mapema siku hiyo hiyo, likiwa wima, ndani ya mfuko uliofungwa. Jokofu la chakula cha familia si mahali pake.

Kituoni, makohozi yanayosubiri kusafirishwa huhifadhiwa katika jokofu la sampuli, kwenye nyuzi joto 2 hadi 8, bila kugandishwa. Wakati wa kusafiri, hufungashwa kwa tabaka tatu. La kwanza ni kopo lenyewe, linalozungushiwa pamba au karatasi ya kutosha kufyonza maji yote likivunjika. La pili ni chombo kisichovuja. La tatu ni sanduku gumu la nje. Fomu ya mgonjwa hukaa nje ya tabaka la pili, isije ikalowa.

Hata hivyo, si kila sampuli hupenda baridi. Maji ya uti wa mgongo, yachukuliwayo kwa mgonjwa wa homa ya uti wa mgongo ili kuotesha vimelea, hayawekwi kwenye jokofu, kwani bakteria wake hufa upesi kwa baridi. Ndiyo maana hatushauri mtu kujiamulia, aulizwe mtaalamu.

Nao vijana wa bodaboda wanaokabidhiwa masanduku haya wasiyafungue njiani. Likidondoka na kuvuja, wazuie watu kulisogelea, wasipanguse kwa mikono mitupu, na wawaite wahudumu wa afya.

Mwisho, tunawanasihi wasomaji wetu: ukiitwa kutoa makohozi mara ya pili, usikasirike wala usikate tamaa. Huenda ya kwanza yalikuwa mate, au yalivuja njiani. Rudi ukayatoe, na uulize siku ya kufuata majibu.