ASIDI YA GLIKOLIKI: SI YA KUJIMIMINIA TU USONI

Muhula huu huko mabwenini haziishi hadithi za vichupa vidogo vya kudondoshea, ambavyo ati huondoa chunusi, madoa na weusi wa shingo kwa usiku mmoja. Kilichomo ndani ni asidi ya glikoliki. Wanaoisifu huifanya dawa ya miujiza. Wanaoiogopa husema asidi ni asidi, iwe ya betri au ya uso. Mimi naona pande zote mbili zimepotoka, na kwa kuwa jambo hili limekwisha kumuumiza mwenzetu mmoja, nimeonelea nilieleze kinagaubaga.

Asidi hii hupatikana katika miwa, ingawa ile ya chupani karibu yote hutengenezwa viwandani. (Basi usije ukatafuna muwa wa Muhoroni ukajipaka maji yake; utaitia nzi kazini bure.) Ndugu zake ni asidi ya laktiki ya maziwa lala, ya sitriki iliyo katika ndimu na ya tartariki iliyo katika ukwaju. Molekuli yake ina kaboni 2, hidrojeni 4 na oksijeni 3 tu, ndogo kuliko zote katika ukoo huo. Udogo huo ndio unaoifanya ipenye ngozi upesi. Ndiyo sifa yake, na ndiyo hatari yake.

Ngozi ya juu kabisa ni tabaka la seli zilizokwisha kufa, zimepangika mithili ya matofali. Seli mpya huzaliwa chini, hupanda polepole, na baada ya takriban mwezi mmoja huanguka zenyewe bila sisi kujua. Glikoliki hulegeza kile kinachozishikamanisha, zikabanduka mapema. Vitundu vya ngozi vilivyoziba huzibuka na madoa hufifia kidogo kidogo. Si uganga huo. Wataalamu wawili waliokuwa Marekani, Eugene Van Scott na Ruey Yu, waliandika kuhusu asidi za ukoo huu mwaka 1974, walipokuwa wakitibu maradhi yanayoifanya ngozi iwe na magamba kama ya samaki. Urembo ulikuja baadaye.

Hapa sasa ndipo somo la kemia linapotufaa, hata wewe unayesema kemia huitumii popote. Watu wengi husoma asilimia tu. Asilimia hukwambia asidi ni kiasi gani. Haikwambii ni kali vipi. Ukali huoneshwa na pH. Maji safi ni 7, ngozi yetu yenyewe ni kama 5, ndimu ni kama 2. Glikoliki ikiwa katika pH ya 3.8 hivi, nusu yake huwa imegeuka chumvi na nusu imebaki asidi huru, na hiyo iliyo huru ndiyo inayopenya na kubandua. Kwa hivyo chupa mbili za asilimia 10 zaweza kutofautiana kama mbingu na ardhi: ya pH 4 ikawa pole, ya pH 2 ikachoma. Jopo la Marekani linalochunguza viambato vya vipodozi liliamua miaka ya 1990 kwamba ya kutumia nyumbani isizidi asilimia 10, pH isipungue 3.5, na mtumiaji ajikinge na jua. Wahudumu wa saluni waliofunzwa waliruhusiwa hadi asilimia 30, tena kwa muda mfupi kisha ioshwe. Zile za asilimia 50 na 70 ni za daktari wa ngozi anayesimama kando yako akitazama saa. Mwaka 2024 Marekani iliwaonya tena raia wake wasijibandue ngozi nyumbani kwa asidi kali bila mtaalamu.

Mwenzetu niliyemtaja (jina silitoi, naye ameniruhusu kusimulia) alinunua kichupa mjini wakati wa likizo. Hakikuwa na asilimia wala jina la kiwanda, picha ya kipusa tu. Uzuri wa mkakasi! Alipaka jioni, ikamwasha. Aliyemuuzia alikuwa amemwambia kuwashwa ni dalili ya kwamba inafanya kazi, basi akavumilia mpaka asubuhi. Mashavu yakavimba, yakaambuka. Tulipofungua shule tulidondosha tone moja kwenye karatasi ya kupimia pH, mwalimu akiwa papo hapo maabarani, nayo ikawa nyekundu kabisa, kiwango cha 1. Vidonda vilipona. Mabaka meusi yalibaki. Yeye ndiye msemaji wetu hodari wa mdahalo, lakini muhula mzima alijificha kiti cha nyuma na hakupanda jukwaani hata mara moja, kwa ajili ya watu waliomwita "ramani".

Kwa nini yawe meusi? Ngozi yetu ina melanini nyingi, na ikiungua au ikivimba, seli zinazoitengeneza huzidisha kazi kana kwamba zimeitwa vitani. Mchomo mdogo tu huacha alama ya miezi kadhaa. Isitoshe, maelezo mengi ya vipodozi yameandikiwa ngozi nyeupe, yakisema utazame wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani sawasawa. Sisi tutazame joto, kuwashwa kusikokoma, na ngozi kukaza na kung'aa kama karatasi ya nailoni. Ukiona hayo, acha.

Jambo la pili ni jua. Utafiti mmoja wa Marekani uliwapaka watu asidi hizi kwa wiki 4, ukaona ngozi yao imekuwa rahisi kuunguzwa na miale ya jua kwa asilimia 18 zaidi. Walipoacha, baada ya wiki moja hali ilirudi kama zamani. Sasa hebu fikiria: sisi tuko kwenye ikweta, na Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, ambako miale huzidi ukali. Tena kuna gwaride, kuna michezo, kuna kufyeka nyasi. Anayetumia glikoliki lazima apake kila asubuhi mafuta ya kukinga jua yenye SPF 30 au zaidi. Najua bei yake si mchezo kwa mfuko wa mwanafunzi. Lakini kama huna pesa za mafuta ya jua, usinunue asidi. Hapo mimi sibanduki.

Mwenye vyote viwili na aanze hivi. Ajaribu kwanza tone moja upande wa ndani wa mkono, angoje siku mbili. Pakiwa salama, atumie ya asilimia 5 usiku, mara moja au mbili kwa wiki, uso ukiwa mkavu, mbali na macho, midomo na pembe za pua. Kisha apake mafuta yake ya kawaida. Matokeo huchukua wiki nane hadi kumi na mbili, kwa hiyo anayekuahidi usiku mmoja anataka pesa zako. Wavulana, msipake siku mliyonyoa ndevu. Mwenye ukurutu au kidonda asiiguse kabisa. Na kama daktari amekupa tretinoini au adapaleni ya chunusi, usichanganye usiku mmoja. Muulize yeye kwanza. Wala usijisugue kwa sukari au ndimu ukidhani unasaidia. Maji ya ndimu yakipigwa na jua ngozini huweza kuunguza na kuacha baka baya.

Fauka ya hayo, glikoliki si mkorogo. Haikufanyi mweupe. Ukiona chupa inayoahidi weupe, huenda ndani mna haidrokwinoni au zebaki, ambazo zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Kenya; zebaki huharibu figo. Tafuta alama ya Shirika la Viwango, jina la mtengenezaji, asilimia na tarehe ya mwisho. Kikikosekana kimojawapo, kirudishe rafuni.

Ikikuchoma, osha papo hapo kwa maji mengi ya baridi yanayotiririka, wala usipake dawa ya meno kama wafanyavyo wengine. Ikiingia jichoni, osha kwa dakika 15 nzima kisha ukimbilie hospitali. Malengelenge yakitokea usiyapasue. Nenda zahanati siku hiyo hiyo, na uichukue chupa yenyewe ili daktari ajue kilichokuunguza.