Kulasi ikipasuka: tutengeneze ao tutupe?

Bandugu, huku Mutshatsha Land Rover za zamani zingali zinabeba wagonjwa mpaka Kolwezi. Kulasi ikipasuka, fundi mmoja anasema tuchomee, mwingine tutupe. Feza ya minervali ya watoto isitoke mbele ya kupima.

Maji inapunguka, moshi inakuwa nyeupe, mafuta ya motere inafanana kafe ya maziwa? Jointi ya kulasi ikiungua, alama ni zile zile. Basi tufungue kwanza. Tusafishe kulasi, tupake petroli ya taa, tupanguse, tusiribe chaki. Kama kuna ufa, mstari utajichora.

Kulasi ya motere ya silinda ine ya Série III (1971–1985) ni ya fonti. Ufa mfupi wa upande wa inje, wenye kutosha maji tu, unatengenezeka: fundi atoboe tundu ndogo ku mwisho zote mbili, apashe fonti moto, achomee na bageti ya nikeli, aizike mu majivu ipoe polepole. Ufa ukitoka ku kiti cha valvu na kuingia mu silinda, tutafute kulasi ingine.

Shiye ba sendika tunasema sawa vile tunasema ku mugodi: mashini yenye ufa haujapimwa, mutu asipande.