Bahari Haipandi Ufipa, Ziwa Lapanda

Jirani yangu mmoja hapa Sumbawanga alirudi kutoka Dar es Salaam na hamu moja: kuweka sebuleni tangi la kioo lenye samaki wa bahari. Akaniuliza, je, chumvi ya jikoni haitoshi? Haitoshi. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na ndani yake mna madini mengi ambayo hayamo katika pakiti ya dukani. Nikamwambia, ya nini kuihangaikia bahari, ilhali Ziwa Tanganyika liko hapo chini ya uwanda wetu?

Ziwa hilo lina aina zaidi ya 200 za samaki wa ukoo wa perege, na karibu wote hawapatikani penginepo duniani. Wapo wadogo wa sentimita 4 tu, ambao huishi na kutaga mayai ndani ya makombe matupu ya konokono. Hao tangi la lita 60 linawatosha. Ila meza iwe imara, maana maji hayo peke yake ni kilo 60.

Mimi nilianza kwa pupa. Asubuhi nilijaza maji, jioni nikatia samaki sita. Siku ya tano wote walikuwa wanaelea. Niliwaua mwenyewe, kwa kutojua. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Wapo bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo pia ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita kuzaliana. Tena maji ya Tanganyika ni ya magadi, na katika maji ya namna hiyo amonia huwa kali zaidi.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka mchanga, makombe na mawe ya chokaa, si chokaa ya kupaka ukuta. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi siku nzima kwanza. Washa pampu, kisha kila siku tia chembe chache za chakula, ingawa samaki hawajaingia, ili bakteria wapate riziki. Baada ya wiki sita tia samaki wawili watatu. Badilisha robo ya maji kila wiki.

Kumbuka pia kwamba ziwa liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, na sisi tuko mita 1,800 hivi. Huku hewa ni nyepesi na usiku wa Juni ni baridi. Pampu isizimwe, na maji yasishuke chini ya nyuzi 24.

Jirani yangu sasa ana tangi lenye maji na mawe matupu, na wageni wanamcheka. Mwache awe na subira. Mwenye haraka huzika samaki.